Roboti ya udongo Dodoma: sanamu nzuri ndizo zinazotupwa

Kiingilio cha maonyesho haya ni shilingi 5,000, wanafunzi 2,000, na unachokiona ni mkono wa chuma wenye viungo sita ukifinyanga sanamu bila mtu kugusa udongo. Mashine yenyewe tunaipa alama za juu. Lawama yetu ni kwa wanaoionyesha, maana wanakitupa kitu kilichostahili kuonyeshwa.

Kwanza mashine. Udongo unakaa kwenye tanki la kilo 5. Upepo wa kompresa, wenye shinikizo la bar 5 hivi, unausukuma kupitia bomba nene hadi kwenye kichwa cha mkono, ambako kuna skrubu kama ile ya mashine ya kusagia nyama. Skrubu ndiyo inayopima udongo unaotoka. Upepo kazi yake ni kufikisha udongo tu. Nozeli, yaani mdomo unaotoa udongo, ni ya milimita 4, na kila tabaka lina kimo cha milimita 2. Sanamu yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 40 ina matabaka 200, na kila duara huchukua kama sekunde 16, kwa hiyo kazi nzima haifiki saa moja. Inakula udongo wa kilo 2 na kitu. Tanki moja basi ni sanamu mbili, halafu linajazwa upya.

Hapo kwenye kujaza ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Udongo usipogandamizwa vizuri unabaki na hewa ndani, na hewa hiyo ikifika kwenye nozeli inapasuka kwa mlio mfupi na kuacha pengo kwenye ukuta wa sanamu. Ukisikia "pah!", angalia sehemu hiyo: tabaka la juu yake litakuwa limening'inia. Mhudumu akiwahi anaziba kwa kidole. Asipowahi, ufa utaanzia hapo hapo wakati wa kukauka.

Ulaini wa udongo nao una mizani yake. Unatakiwa uwe laini kuliko ule wa kufinyangia chungu kwa mkono, karibu na unga wa chapati uliozidi maji kidogo. Ukiwa mkavu, skrubu inalalamika na utepe wa udongo unaotoka kwenye nozeli unakatika. Ukiwa majimaji, ukuta unakaa chini mapema. Na lazima uchekechwe, kwa sababu punje ya mchanga inayozidi milimita moja inatosha kusumbua nozeli ya 4. Wafinyanzi wetu huongeza mchanga ili chungu kivumilie moto wa wazi. Mashine inautaka mchanga huo uwe laini sana. Wasiouweka kabisa wataona vipande vikipasuka motoni.

Sasa sanaa. Programu inayouongoza mkono haichori duara lile lile. Kila tabaka linasogezwa kidogo, pengine nusu milimita, pengine moja, bila mpangilio. Utepe una upana wa milimita 5 hivi, kwa hiyo ukitokeza nje kwa zaidi ya nusu yake unakosa pa kukalia. Kufikia tabaka la 120, yaani sentimita 24 kutoka chini, uzito wa juu unaanza kuushinda udongo wa chini ambao bado mbichi. Ukuta unajikunja, unafanya tumbo, wakati mwingine unalala kabisa huku mkono ukiendelea kumwaga utepe hewani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Msanii wa Marekani Roxy Paine alitengeneza mashine iitwayo SCUMAK mwaka 1998, inayoyeyusha plastiki aina ya polithini pamoja na rangi na kuimwaga kwa vipindi juu ya mkanda. Rundo linavyotulia ndivyo sanamu ilivyo. Mashine inapanga muda; joto na uzito ndivyo vinavyopanga umbo. Mantiki ya hapa ni ile ile, ila hapa ni udongo. Tena iko katika mji ambao jina lake, kwa masimulizi ya Wagogo, linatokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Idodomya, imezama. Ungetafuta mahali pengine pa kuiweka mashine hii usingepata pazuri zaidi.

Lakini sanamu zilizozama zinarudishwa kwenye ndoo, zinalowekwa na kutumika tena. Rafuni zimebaki zilizosimama wima, ambazo kwa mbali ni vyungu vya kawaida vyenye mistari. Maelezo ukutani yanasema roboti ni "msanii". Siyo. Roboti inafuata amri. Anayebisha ni udongo, na ubishi wake ndio unaotupwa ndooni.

Jambo jingine ni upepo. Mashine imewekwa karibu na dirisha, na kuanzia Juni hadi Septemba upepo mkavu wa Dodoma unakausha upande mmoja kabla ya mwingine. Upande uliokauka unasinyaa, sanamu inainamia dirishani. Mgeni atadhani ni programu. Ama walifunge dirisha, ama waandike kwamba upepo nao unashiriki kazi. Ukaushaji unahitaji siku 5 hadi 7 chini ya magunia yenye unyevu, siyo siku mbili za feni.

Umeme ukikatika, na skrubu ikisimama zaidi ya nusu saa, udongo unakauka mdomoni mwa nozeli. Wahudumu wanajua la kufanya: wanaifungua, wanaiosha, wanaanza sanamu mpya. Hawajaribu kuendeleza ile ya zamani, na wana haki, maana tabaka bichi halishiki vizuri juu ya lililokauka.

Ukienda, fika sanamu inapoanza, usije katikati, na ukae hadi ipite sentimita 25. Vipande vinavyouzwa mlangoni havijachomwa. Usitie maji.