Uso wa kizimba cha guruguru: kioo kwanza, akriliki baadaye

Miongozo mingi ya vizimba vya mijusi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako shida ni kutunza joto. Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini, na sanduku lililozibwa vioo pande zote linageuka jiko. Kwa hiyo nunua kioo au plastiki ya kuonea ndani kwa upande mmoja tu, wa mbele. Juu na ubavuni weka wavu. (Na kibali cha wanyamapori kiwe mkononi kabla ya mjusi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani.)

Namba moja ni kioo cha kawaida cha dirisha: mm 4 kwa kizimba kidogo, mm 5 au 6 kikizidi mita moja. Guruguru ni mjusi mchimbaji, atakwaruza pembe ileile kutwa nzima, na kioo hakitaonyesha hata mchirizi. Unyevu wa bahari haukipindi. Mafundi aluminiamu hubaki na vipande vya madirisha, na hapo mnaelewana bei. Nenda na vipimo, mwambie akate pungufu kidogo ili kiteleze kwenye reli, na kingo azipige msasa palepale dukani. Ubaya wake ni uzito: mita moja ya mraba ya mm 4 ni kilo 10 hivi, bawaba za kabati zitalegea. Tumia reli za dirisha. Kile kioo kigumu cha milango ya maduka kiache, maana kikishatoka kiwandani hakikatiki tena. Kipimo kikikosewa, hela imekwenda.

Ya pili ni akriliki, ile plastiki angavu ya mafundi wa mabango. Ina nusu ya uzito wa kioo na haivunjiki ovyo, hivyo ningeichukua penye watoto wanaocheza mpira barazani. Lakini kucha zitaichora mpaka iwe na ukungu. Tena hutanuka: kipande cha mita moja kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka zaidi ya mm 1, na kikibanwa kwa skrubu bila nafasi kinatoa tumbo. Ioshe kwa maji na sabuni. Spiriti na dawa za vioo zenye amonia huitia nyufa ndogondogo.

Polikaboneti, plastiki nyingine angavu, ni ya tatu. Ni ngumu kuvunjika kuliko zote, ila inachubuka upesi, na ile ya kuezekea yenye vyumba ndani itakuonyesha kivuli cha mjusi, si mjusi. Nailoni ya kutandika mezani sitaipa hata nafasi.

Kioo cha dirisha na polikaboneti huzuia karibu miale yote ya UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo mjusi huihitaji kutengeneza vitamini D3. Kizimba kikae barazani, jua la asubuhi lipite kwenye wavu, na ndani kuwe na kivuli cha kukimbilia. Wavu uwe wa chuma uliopakwa zinki, chandarua atakichana.

Gundi ya silikoni yenye harufu ya siki hushika kioo barabara, akriliki haiishiki sawasawa. Usimwingize mjusi mpaka harufu iishe kabisa.