Miezi 6 na Dawati la Huduma la Nje: Tathmini Kutoka Ofisi ya Uwakala wa Forodha, Tanga

Tangu Februari 2025 ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tanga inahudumiwa na kampuni ya nje katika masuala yote ya TEHAMA, badala ya fundi wetu wenyewe ambaye kwa miaka 9 alikuwa akikaa katika chumba cha nyuma, jirani na masijala. Mimi ni ofisa utawala niliyekabidhiwa kusimamia mpito huo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya ofisi zenye watu 30 hadi 50 kama yetu ambazo zinafikiria kuchukua huduma ya namna hii. Jina la kampuni nimeliacha, kwa sababu kasoro kadhaa nitakazozieleza zilikuwa zetu sisi pamoja nao, na pia kwa sababu huduma yenyewe inauzwa kwa sura ileile na kampuni nyingi: namba moja ya simu, anwani moja ya barua pepe, programu ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, na mkataba unaoeleza tatizo la aina gani litashughulikiwa ndani ya muda gani.

Kwa upande wa ufundi sina lawama kubwa. Nakala rudufu za kumbukumbu zetu, ambazo zamani zilichukuliwa pale fundi alipokumbuka, sasa huchukuliwa kila usiku, na mara mbili nimeomba zirejeshwe kwa majaribio zikarejea zikiwa kamili. Kompyuta 22 zilizokuwa zikitumia Windows 10, ambayo Microsoft ilitangaza kukoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, zilipangiwa ratiba mapema na nyingi zimekwisha kuhamishwa. Kasoro niliyoiona iko kwingine kabisa, katika namna huduma ilivyowafikia wafanyakazi, na huko ndiko nitakakokaa kwa kirefu.

Fundi wetu wa zamani alikuwa hana daftari wala ratiba. Mtu alimwita kutoka mlangoni, "Fundi, hebu njoo unione," naye akaja. Alijua kwamba printa ya mapokezi hukwama wakati wa masika kwa sababu karatasi hunywa unyevu wa hewa ya pwani, na alikuwa akiweka rimu moja ya karatasi kwenye kabati kavu kwa ajili ya siku hizo. Alijua nani husoma maelekezo na nani anahitaji kuoneshwa mara mbili. Lakini nywila za seva alikuwa nazo kichwani, na alipougua malaria kwa wiki moja tulishindwa hata kumfungulia mtumishi mpya akaunti. Alipopata kazi kwingine mwishoni mwa mwaka 2024, uongozi ukaamua kwamba hatutarudi tena kutegemea mtu mmoja. Uamuzi huo niliuunga mkono, na ninauunga mkono hadi leo.

Tulikosea katika kuutangaza. Tangazo lilikuwa ukurasa mmoja uliobandikwa ubaoni na kutumwa kwa barua pepe, likisema kwamba kuanzia Jumatatu ya tarehe 3 Februari matatizo yote yaripotiwe kwenye dawati la huduma kwa kufungua tiketi. Mzee wetu wa masijala alinijia akauliza kwa heshima tiketi hiyo inakatwa wapi na kwa shilingi ngapi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwake yeye tiketi ni ya basi la Dar es Salaam au ya mechi uwanjani Mkwakwani, na hakuna popote tulipoandika kwamba hapa tiketi ni kumbukumbu yenye namba, inayomwezesha kufuatilia shida yake hadi iishe. Fomu yenyewe ya kuifungua ilikuwa kwa Kiingereza. Aliyepiga simu naye aliulizwa namba yake ya utumishi kabla hajasalimiwa, na kwa watu wa Tanga, hasa wazee, kuanza shauri bila salamu ni sawa na kumfungia mgeni mlango.

Wiki ya kwanza zilifunguliwa tiketi 11, ya pili 9. Kampuni ilituletea taarifa yenye grafu ikieleza kwamba matatizo ni machache na mpito umekwenda salama. Nilikaribia kuisaini, lakini kabla ya hapo nilizunguka mezani kwa watu, meza moja baada ya nyingine, na nilichokikuta kilinihuzunisha. Makarani wawili walikuwa wakipokezana kompyuta moja kwa siku 6 kwa sababu ya pili haikuwaka. Dada wa mapokezi alikuwa akienda na flashi kuchapisha nyaraka dukani Ngamiani kwa fedha yake. Wengine 5 walikuwa wakimpigia fundi wa zamani jioni kwenye simu yake binafsi, naye kwa wema wake akawa anawaelekeza bure baada ya saa za kazi yake mpya. Matatizo yalikuwa yaleyale, ila hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo ningemwomba kila ofisa atakayesimamia mpito kama huu asiukubali ukimya wa mwezi wa kwanza kuwa dalili ya afya.

Jambo la pili ni vipaumbele. Utaratibu unaotumiwa na madawati ya huduma duniani kote hupanga uzito wa tatizo kwa kuangalia vitu viwili, yaani athari, ambayo ni watu wangapi wameguswa, na uharaka. Mafundi wa mbali waliangalia idadi tu. Mwezi Februari ofisa wetu aliyepo mpakani Horohoro akaunti yake ilijifunga saa nne asubuhi; tiketi yake ikapewa daraja la tatu kwa kuwa mtumiaji aliyeathirika alikuwa mmoja, na daraja hilo lilijibiwa ndani ya saa 8 za kazi. Lori la mteja likalala mpakani. Siku hiyohiyo malalamiko ya watu 10 kuhusu printa inayochapisha polepole yalipanda daraja la pili, ingawa hakuna mzigo hata mmoja uliokuwa ukiyasubiri. Tulikaa nao, tukaandika kwenye karatasi moja kazi zetu zenye saa nyuma yake: kadhia za forodha (yaani matamko ya mizigo ya wateja), malipo ya kodi siku za mwisho wa mwezi, na hati za kutoa mzigo bandarini. Yeyote anayekwama katika hizo hupanda daraja la kwanza, awe mmoja au kumi. Kampuni iliikubali karatasi hiyo bila ubishi, na ninaihesabu kuwa alama njema kwao. Lakini ilipasa waiombe wao kabla ya siku ya kwanza, maana sisi hatukujua kama kitu hicho huombwa.

Kisha kulikuwa na hofu. Mara ya kwanza fundi alipoingia kwa mbali kwenye kompyuta ya mhasibu wetu, mama wa makamo aliyefanya kazi hii tangu enzi za leja za mkono, mshale ulianza kutembea wenyewe, naye akaondoa mkono kwenye mausi, akasimama. "Wanangu, nani anaandika humu?" Baada ya hapo alikuwa akizima kompyuta kila anapokwenda kuswali, na wengine wakamwiga. Niliwauliza kampuni waziwazi kama fundi anaweza kuingia bila mtu kubonyeza kitufe cha kukubali. Wakajibu kwamba ndiyo, njia hiyo ilikuwa imewashwa katika mashine zote ili kurahisisha masasisho ya usiku. Sipendi kudhani ubaya, ila jambo hilo lilipaswa kusemwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimwondolei mkusanyaji wa taarifa wajibu wake kwa sababu tu kazi ameipa kampuni nyingine, na katika mashine ile kuna mishahara yetu sote pamoja na namba za utambulisho wa mlipakodi za wateja. Sasa njia hiyo imebaki kwenye seva pekee. Kwenye kompyuta za watu fundi huomba ruhusa, hutaja jina lake, husema anakwenda kufanya nini, na kumbukumbu ya kuingia kwake huhifadhiwa. Mhasibu wetu haizimi tena.

Mafunzo yalipangwa Machi, saa tisa alasiri, kwa njia ya video. Ramadhani ilikuwa imeanza mwanzoni mwa mwezi huohuo. Aliyepanga ratiba hakuwa mtu wa Pwani, na mimi niliyekuwepo hapa ndiye niliyepaswa kumzuia. Nusu ya watu hawakuhudhuria, na waliohudhuria walikuwa wamechoka.

Baada ya Idi ndipo mambo yalipogeuka, na hapa nawapongeza kwa dhati. Kampuni ilimleta kijana mmoja, mkazi wa Chumbageni, akawa anakaa kwetu kila Jumanne na Alhamisi kwa wiki 6 katika chumba kilekile cha fundi wa zamani, mlango ukiwa wazi. Watu walianza kumjia kama walivyozoea. Yeye hakuwakatalia wala hakuwarekebishia kimyakimya. Alimkaribisha mtu kiti, wakafungua tiketi pamoja, mtu mwenyewe akiandika kwa Kiswahili kile anachokiona, halafu ndipo wakaitatua. Mzee wa masijala alisalimiwa "Shikamoo, mzee" kabla ya lolote, akafungua tiketi yake ya kwanza mwenyewe, akainakili namba yake kwenye daftari la masijala kama anavyonakili kila barua inayoingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mafunzo nayo yalirudiwa asubuhi, kwa vikundi vya watu 5 wa kazi moja, kila mmoja akija na shida yake halisi ya wiki hiyo. Mwezi Mei tiketi zilifika 47 kwa wiki, na mkurugenzi akaingiwa na wasiwasi kwamba hali imeharibika, nami nikamweleza kwamba zile zilizokuwa zimejificha ndizo zilizotoka. Sasa ni kama 25.

Suala la nywila nitalitaja kwa ufupi. Walitulazimisha kuzibadilisha kila baada ya siku 30, na matokeo yake vikaratasi vyenye nywila vikabandikwa chini ya kibodi. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilikwisha kushauri tangu mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda pasipo dalili ya kuvuja. Tuliwaonesha, wakalegeza, tukakubaliana kutumia nywila ndefu pamoja na namba inayokuja kwenye simu.

Lililobaki kunitia shaka ni huduma ya mkono kwa mkono. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yaani nyaya zinazotuunganisha na intaneti ya dunia, ilikatika, na intaneti ya nchi yetu ikayumba. Tarehe 19 Julai mwaka huohuo sasisho lenye kosa la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na nyingi zilihitaji mtu akae mbele yake ndipo zifufuke. Katika hali zote mbili dawati la mbali halina mkono wa kukufikia. Mkataba wetu wa kwanza ulisema fundi "atatumwa", bila kutaja atoke wapi, na Dar es Salaam iko takriban kilomita 350 kutoka hapa. Tumeongeza kifungu kinachotaka fundi aliyepo Tanga afike ndani ya saa 4 kwa mjini, na siku inayofuata kwa Horohoro. Bohari letu la Pongwe lilisahauliwa katika kifungu hicho, na wenzetu wa huko hadi sasa wanampigia fundi wa zamani.

Kwa miezi miwili ya kwanza ningewapa nyota 2 kati ya 5, na kwa iliyofuata nyota 4. Nimependekeza mkataba uongezwe kwa mwaka mmoja kwa masharti mawili: Pongwe iingizwe kwa jina, na tiketi isifungwe mpaka aliyeifungua athibitishe kwamba shida yake imekwisha, kwa kuwa mwezi Julai peke yake tiketi 6 zilifungwa na fundi wakati wenyewe bado wamekwama. Sharti la kwanza wamelikubali kwa maandishi. La pili tutalijadili nao Septemba, na mhasibu wetu ameomba awepo kikaoni.