Cosco Scenera NEXT: kiti cha mtoto kinachobebeka hadi Wete

Ukikaa Mwanakwerekwe, Unguja, na wakwe zako wako Wete, Pemba, safari na mtoto haina gari moja. Teksi mpaka bandarini Malindi, boti mpaka Mkoani, halafu gari ya kukodi ipande na kuteremka vilima mpaka Chake, na Wete bado iko mbele. Kila kipande na gari yake. Ndiyo maana kiti cha mtoto nakipima kwanza kwa bega langu: kikiwa kizito kitabaki nyumbani, na kilichobaki nyumbani hakimlindi mtu.

Hiki Cosco Scenera NEXT kaniletea kaka yangu kutoka Marekani. Hakifiki kilo 5, na huko kinauzwa kiasi cha dola 60. Wifi yangu alikuwa akinishawishi nichukue WAYB Pico, cha fremu ya alumini, ambacho uzito wake unakaribiana na huu, kinakunjika kikaingia begini, na bei yake inapita dola 300. Hata ningepewa bure nisingekitaka kwa mtoto wa miaka miwili, maana kinamkalisha akiangalia mbele tu. Scenera kinamruhusu kuangalia nyuma mpaka afike kilo 18, na wangu hata 13 hajazitia. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwa shingo yake. Gari ikigonga kwa mbele naye anaangalia nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2018 akae hivyo kwa kadiri kiti chenyewe kinavyoruhusu.

Mama mkwe hakupendezwa. "Mtoto mnamfunga kama mwizi, tena mnamgeuza asione njia!" Nikamwambia, bimkubwa, wewe kaa ubavuni mwake, akuone wewe. Hapo tukapatana.

Kazi hasa iko kwenye mkanda. Gari zetu nyingi ni Toyota zilizotumika Japani kwanza, na kwenye Probox ya zamani usitegemee kukuta vyuma vya ISOFIX, vile vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda. Scenera kinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, lakini huo mkanda nao uutafute! Madereva wanavisha viti makava, vifungio vyote vinazikwa chini. Siku hizi nikipiga simu Mkoani nauliza kabla hata ya bei: "Kaka, mikanda ya nyuma ipo, inafunga?" Wapo wanaocheka, lakini gari ikija mikanda imeshafukuliwa. Kwenye chai maharage, zile daladala za mabenchi, sijisumbui, hakuna cha kufungia.

Ukishaupata, pitisha mkanda kwenye njia yake ya kiti, ile ya mtoto anayeangalia nyuma, kikandamize kiti kwa mkono na uukaze. Halafu kishike palepale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, na kibanio cha kifuani kikae usawa wa makwapa. Kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa (airbag) usikiweke kabisa hali mtoto anaangalia nyuma.

Hakikunjiki, ni bonge la plastiki, nami nakifunga kwa kanga juu ya sanduku. Sponji yake nyembamba, na ndiko uzito ulikopunguzwa. Gari ikiachwa juani, pima vifungio kwa kidole kabla ya kumkalisha mtoto. Wanaokwenda Pemba kwa ndege ndogo, ambako mara nyingi mzigo ni kilo 15 tu, wataona faida ya wepesi huu kuliko mimi wa boti.

Shoga yangu alitaka kununua cha mtumba kwa bei ya kutupa. Nikamwambia kigeuze kwanza, usome tarehe ya mwisho ya matumizi iliyopigwa kwenye plastiki. Hata ikiwa bado, kama muuzaji hajui kiti kilitoka gari gani na kama kiliwahi kupata ajali, mwachie chake.

Na mtoto akitapika kwenye mkondo wa Nungwi akaja kuyamalizia garini, kava linavuliwa na kufuliwa. Mikanda usiiloweke wala kuitia jiki. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uianike kivulini.