Aldi, Trader Joe's na Whole Foods: uzoefu wangu na mama yangu kama mkaguzi mkuu

Niko Columbus, Ohio, huku Marekani, mwaka wa nane sasa, na miaka saba katika hiyo nane nilikuwa nanunua chakula kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Naingia duka lolote lililo karibu na kazini, natupia vitu kwenye troli, nalipa, nalalamika njia nzima mpaka nyumbani. Aliyenibadilisha ni mama. Nilijifungua, akaja kutoka Tanga kukaa na sisi miezi mitatu, na wiki ya kwanza tu akaiokota risiti yangu pale mezani akaniuliza, hii namba ya chini ni ya mwezi mzima? Nikamwambia hapana mama, ni ya leo. Akanyamaza. Nyie mnajua ule ukimya wa mama, bora hata angenigombeza.

Basi kuanzia hapo kila nikitoka anajifunga mtandio twende wote, na kwa miezi ile mitatu tumezunguka maduka ya huku mpaka mume wangu akawa anatuuliza leo wakaguzi mnaelekea wapi. Nawaandikia kwa sababu kila mwezi kuna ndugu ananiuliza inbox anunue wapi, nimechoka kurudia.

Tulianza na Aldi. Kwa ambao hamjafika, Aldi troli zimefungwa minyororo, unachomeka sarafu ya senti 25 ndiyo inafunguka, ukiirudisha mahali pake sarafu yako inatoka. Mama akaniambia yaani kigari nacho tunakodi? Nikamwelewesha, bado hakuamini, ikabidi nimfungulie na kumfungia mara mbili pale nje watu wanatuangalia, alipoona sarafu imetoka kweli akaichukua yeye akaifunga kwenye pindo la khanga akasema hii nitaitunza mimi, wewe unapoteza. Ndani akapenda kitu kimoja ambacho mimi sijawahi hata kukitilia maanani, kwamba makeshia wa Aldi wamekaa kwenye viti. Maduka mengi ya huku keshia anasimama zamu nzima. Mama akasema angalau huyu binti wamempa kiti. Na yule binti amekaa hivyo hivyo lakini spidi yake usipime, anaskani vitu hujamaliza kutoa pochi vimeshaisha vyote, kwa sababu ile mistari ya kuskani wameichapa kubwa na upande zaidi ya mmoja wa paketi, haina haja ya kugeuzageuza. Mifuko unakuja nayo mwenyewe au ununue, na kupaki unapaki mwenyewe kwenye kaunta ya pembeni.

Hapo ndipo bei inaposhukia sasa. Watu wanadhani Aldi ni rahisi kwa sababu vitu vyake ni vya ovyo, si kweli hata kidogo. Hawana aina ishirini za ketchup, wana moja au mbili basi. Zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa ni za chapa zao wenyewe kwa hiyo hulipii matangazo ya mtu. Maboksi wanayakata mbele wanayaweka kwenye shelfu yalivyo, hakuna mfanyakazi wa kupanga kopo moja moja. Maziwa, mayai, siagi, vitunguu, shayiri ya uji, tui la kopo, chokoleti zao za Ulaya, hivyo vyote mimi sinunui kwingine tena. Chokoleti hasa jamani, anayeuza chokoleti ile kwa bei ile sijui anapata faida gani. Shida ni ule mstari wa katikati wenye vitu vya wiki, leo mahema, kesho masufuria, ukiukosa mzigo wa wiki hii ndiyo basi tena. Siku moja nimeenda kununua mayai nikarudi na sufuria zito la chuma la rangi ya bluu. Mayai nikasahau. Sufuria lenyewe zuri lakini, pilau haliungui.

Nikiwa nyumbani nikamsomea mama habari za Aldi kwenye simu, kwamba asili yake ni Essen, Ujerumani, mama mmoja alikuwa na kiduka, watoto wake wawili Karl na Theo Albrecht wakakirithi wakakikuza, halafu mwanzoni mwa miaka ya 60 wakashindwana kama wauze sigara au wasiuze, wakagawana, mkubwa akachukua kusini mdogo akachukua kaskazini. Aldi ya Marekani, iliyofungua duka la kwanza Iowa mwaka 1976, ni ya upande wa yule mkubwa. Na Trader Joe's, ambayo ilianzishwa na Mmarekani wa California anaitwa Joe Coulombe mwaka 1967, ilikuja kununuliwa mwaka 1979 na upande wa yule mdogo. Mama akafikiri kidogo akasema kwa hiyo Aldi ni kwa baba mkubwa na hilo lingine ni kwa baba mdogo. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hayo ndiyo majina yao, hata mume wangu akienda dukani ananiuliza, niende kwa baba mkubwa?

Haya, kwa baba mdogo sasa. Trader Joe's ni duka dogo, wafanyakazi wamevaa mashati ya maua, badala ya kutangaza kwenye spika wanapiga kengele, na parking zake zinajulikana nchi nzima kwa kubana. Mama kengele ya kwanza ilipolia akageuka kuangalia nani anauza barafu. Hawana kadi ya uanachama, hawana kuponi, bei iliyoandikwa ndiyo hiyo kwa kila mtu, jambo ambalo mimi nalipenda sana kwa sababu nimechoka kuambiwa pakua apu yetu ndiyo upunguziwe dola.

Nguvu ya Trader Joe's iko kwenye friza. Sikilizeni, kuna chapati za pale wanaziita Malabari Paratha, zimegandishwa, unatoa moja unaitupa kwenye kikaango kikavu, inafura, inapiga matabaka, harufu inafika sebuleni. Mama niliipika bila kumwambia. Akaichana, akaangalia yale matabaka, akala, akala ya pili, halafu akauliza unga umekanda saa ngapi maana sijakusikia jikoni. Nilipomuonyesha paketi alikasirika kweli kweli, kama vile nimemdanganya jambo kubwa. Lakini wiki iliyofuata ni yeye aliyenikumbusha, kwa baba mdogo hatuendi? Siagi ya karanga nayo ile ya pale ni karanga na chumvi basi, hakuna sukari wala mafuta ya ajabu, tukaitia kwenye mchicha ikawa kama tumetwanga wenyewe.

Ambapo Trader Joe's hainishiki ni mboga na matunda. Vingi viko ndani ya plastiki, na mama yangu hajawahi kununua nyanya ambayo hajaibonyeza. Ndizi wanauza kwa moja moja, miaka zaidi ya ishirini ilikuwa senti 19, mwaka 2024 wakapandisha ikawa senti 23, watu huku wakazungumza kama petroli imepanda. Ukitaka ndizi moja ya mtoto ni dili, lakini ukinunua kichana cha wiki nzima fanya hesabu, kwa kupima uzito kwa baba mkubwa unalipa pungufu.

Whole Foods mama alipaita kwa tajiri, na hapo wala sikuwa nimemwambia kwamba Amazon iliinunua mwaka 2017 kwa dola bilioni 13.7. Wamarekani wenyewe wana utani kwamba ukiingia mle unaacha mshahara mzima. Duka zuri, linanukia, mboga zimepangwa kama maonyesho ya Nane Nane. Nilichukua orodha moja ya vitu kumi na mbili vya kawaida, maziwa mayai mkate kuku na kadhalika, nikainunua maduka yote matatu ndani ya wiki mbili. Kwa baba mkubwa nililipa dola 30 na kidogo, kwa baba mdogo ikakaribia 40, kwa tajiri ikapita 50, na hapo nilichukua zile za chapa yao ya 365 ambazo ndizo za bei nafuu mle ndani.

Ubora je? Hapo ndipo nikafanya mtihani wa mtindi. Vikombe vitatu, chini nimebandika plasta yenye namba, mama hajui kipi cha wapi, mezani kuna ugali wa moto. Akaonja cha kwanza akasema mzuri. Cha pili akasema mzuri ila mwepesi. Cha tatu akakinyanyua, akakiinamisha kuona unavyoteremka, akaonja, akavuta kile kikombe karibu na sahani yake akaendelea kula ugali wake, mtihani ukawa umeishia hapo. Nikageuza plasta, kwa baba mkubwa. Wa bei ya chini kuliko yote.

Lakini Whole Foods nitamtetea kwenye samaki. Mtu wa Tanga huwezi kumdanganya samaki. Mama alisimama pale kwenye kioo muda mrefu, changu mwekundu mzima yuko juu ya barafu, akaniambia mwambie huyo kijana afunue mashavu. Nikaona aibu, nikamwambia. Kijana akafunua bila neno, mekundu fyaa. Mwambie abonyeze mgongoni. Akabonyeza, nyama ikarudi. Mwambie basi atupunguzie. Hapo nikakataa kutafsiri. Wakampaa magamba na kumtumbua bure, kichwa wakatuachia, na tukalipa hela ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mume wangu anasoma. Mara moja kwa mwezi, si zaidi.

Sasa kuna vitu ambavyo mkivinunua kwenye maduka haya yote matatu mnajiumiza wenyewe. Cha kwanza viungo. Kichupa cha iliki cha supamaketi, kile kisichojaa hata kiganja, bei yake inakaribia pakiti ya gramu 200 kwenye duka la Wahindi. Mdalasini, bizari nzima, pilipili manga, hivyo hivyo. Mchele pia, basmati mfuko wa pauni 20, kama kilo 9 hivi, pamoja na unga wa ngano wa chapati na choroko, nenda kwa Wahindi. Najua basmati si mchele wa Kyela, mama amenikumbusha hilo kila siku ya Mungu kwa miezi mitatu.

Cha pili nyama ya mbuzi. Huku Columbus Wasomali ni wengi sana, pita Morse Road au Cleveland Avenue utaona bucha za halali, na wengi wa wauzaji wamepita Eastleigh au Dadaab kule Kenya kwa hiyo Kiswahili wanacho. Mama aliingia amejiandaa kunyamaza, muuzaji akamwambia karibu mama, vipande vidogo au vikubwa? Jamani uso wa mama! Wakapiga soga hapo msumeno wa umeme unalia, akakatiwa mbavu anavyotaka, na mwisho akaomba nyongeza akapewa kipande cha mafuta na mfupa wa supu. Bei bado inauma, ukiigeuza kwa shilingi kilo inapita 50,000, lakini alitoka pale kama mtu aliyeshinda kesi.

Cha tatu unga wa sembe, na hapa nina mawili ya kusimulia. La kwanza kosa langu mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza niliona paketi ya Maseca, unga mweupe wa mahindi, bei rahisi, nikajua nimepata. Ule ni unga wa tortilla, zile chapati za mahindi za Wamexico, mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ugali wake unanata na unanuka tortilla. Msirudie. La pili ni duka moja la bidhaa zinazotoka nyumbani Afrika, jina nalihifadhi, walituuzia unga kutoka nyumbani mara tatu ya bei, kufika tunakuta tarehe imepita miezi minne na ndani wadudu wanatembea. Tulipourudisha mwenye duka akamwambia mama, chekecha tu mama angu, huo bado mzima. Sitaandika alichojibiwa. Siku hizi natumia unga mweupe wa mahindi wa Kimarekani uliosagwa laini, unafanana na sembe kiasi cha kutosha, nikitaka dona najua sina changu.

Na jambo dogo, boksi la stroberi ligeuze chini kabla hujalipa, duka lolote lile. Kuna mahali, nako sipataji, juu zilikuwa nyekundu zinang'aa, chini zimeota nywele nyeupe. Halafu soma ile bei ndogo pembeni ya bei kubwa, ya kwa aunsi au kwa pauni, maana paketi za huku zina tabia ya kukonda wakati bei imebaki pale pale.

Kwa hiyo mzunguko wangu sasa hivi ni kwa baba mkubwa kila Jumamosi asubuhi, kwa baba mdogo kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya chapati na siagi ya karanga, kwa Wahindi na bucha mara moja kwa mwezi, kwa tajiri nikipata bonasi. Matumizi ya chakula yameshuka karibu theluthi na tunakula vizuri kuliko zamani.

Mama alirudi Tanga mwezi wa nne, begi lina chokoleti za Aldi kumi na mbili na zile chapati alitaka kuzibeba pia nikamwambia zitayeyuka. Jumamosi iliyofuata niko nje ya duka, natafuta sarafu kwenye pochi, kwenye gari, chini ya kiti cha mtoto, hamna. Nikampigia. Akacheka mpaka simu ikakwaruza, anasema ile senti yako ya kigari iko huku kwenye pindo, kwani hawakopeshi?