Jenereta yangu iliwaka kila Jumatatu, ikazima usiku tulioihitaji: uzoefu wangu na sevisi ya kweli

Kwa miaka mitatu jenereta yetu ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila Jumatatu saa nne asubuhi, inanguruma dakika kumi na mbili, inazima. Nikiisikia nilikuwa natulia moyo. Mama yangu analala na mashine ya oksijeni, na mlio ule kwangu ulikuwa na maana moja: umeme ukikatika, Mama yuko salama.

Umeme ukakatika saa nane usiku. Jenereta ikawaka, taa zikarudi, nikamshukuru Mungu. Haikupita dakika tano taa zikaanza kufifia na kupepesa, sauti ya injini ikazidi kushuka, ikakohoa mara mbili, kimya. Mashine ya Mama ikaanza kulia. Tulimhamishia kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba na ukatufikisha asubuhi, lakini mikono ilikuwa inanitetemeka kiasi kwamba koki ya mtungi ilinishinda, akaifungua mdogo wangu.

Kinachoniuma ni kwamba jenereta hiyo hatukuwa tumeitelekeza. Nilikuwa na mkataba wa sevisi na kampuni ambayo sitaitaja. Fundi wao alikuja mara moja kwa mwaka, akabadilisha oili, akawasha, akasikiliza, akazima, akaniachia karatasi yenye vema kwenye kila kiboksi. Nusu saa haifiki. Nami sikuwahi kuuliza wameipimaje, maana ilikuwa inawaka.

Baada ya usiku ule niliulizia kwenye zahanati anakotibiwa Mama ni nani anayetunza jenereta yao, nikapewa namba ya fundi. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Dada, ukiacha usiku huo, mara ya mwisho imebeba nyumba nzima lini?" Sikuwa na jibu.

Alianza na mafuta. Alifungua kizibo cha chini ya filta ya dizeli, akakinga kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani. "Njoo uone." Juu ilikuwa dizeli, imekolea manjano. Chini maji, vidole viwili kamili. Katikati yake utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi. Akanieleza kwamba tangi lilikaa nusu kwa miezi mingi, na hewa iliyo juu ya mafuta ina unyevu. Ikipoa usiku unyevu unageuka matone, yanateremka kwenye kuta za tangi na kutulia chini. Pale maji yanapokutana na dizeli ndipo wanapozaliana vijidudu, na uteute wao ndio unaoziba filta. Siku za Jumatatu injini ilikuwa inazunguka bila mzigo, inakunywa mafuta kidogo, na hayo kidogo yalikuwa yanapenya. Usiku ule ilipobebeshwa friji, pampu ya maji na kiyoyozi kwa pamoja, ikataka mafuta mengi na filta haikuweza kuyapitisha. Injini ilizimika kwa kiu huku tangi lina mafuta.

Tangi likamwagwa na kusafishwa, filta zote mbili zikawekwa mpya. Siku hizi nalijaza, siliachi likae nusu.

Betri nayo ilinishangaza, kwa sababu iko kwenye chaja muda wote. Ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, hesabu nzuri kabisa. Alipopiga stata huku kipimo kimeshikizwa kwenye vichwa vyake, ikaporomoka hadi 8. Kwa kipimo chake, betri ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati wa stata si ya kutegemea tena. Mpya ameiandika tarehe ubavuni kwa rangi nyeupe, na tumekubaliana ikifikisha miaka mitatu inatolewa, hata kama bado inawasha.

Halafu akashusha kutoka kwenye gari sanduku la chuma lenye feni kubwa. Ndani ni hita tupu. Kazi yake ni kula umeme, ili jenereta ibebeshwe mzigo unaojulikana bila kuhatarisha vitu vya nyumbani. Yetu ni ya kVA 15, yaani kilowati 12 hivi. Bila mzigo ilisoma hezi 52 (hezi ni mara ngapi mkondo wa umeme unajirudia kwa sekunde), akasema ni kawaida kwa injini ya aina ile, ikibeba inateremka kuelekea 50. Akapandisha robo ya mzigo, akasubiri, nusu, akasubiri. Kwenye nusu bomba la moshi likaanza kutema moshi mweusi mzito, na matone meusi yanayonata kama lami yakarukia ukutani. Niliogopa, nikamwambia azime. Akakataa kwa upole. Yale ni mabaki ya dizeli isiyoungua, yamekusanyika kwa miaka mitatu ya kuwaka bila mzigo, kwa sababu injini ya dizeli isiyobeba haipati joto la kutosha kuyachoma. Alipofika robo tatu akaiacha hapo karibu saa nzima. Taratibu moshi ukapungua, ukawa wa kijivu, mwisho ukawa hauonekani, hewa tu inatetemeka juu ya bomba.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani yote ya sevisi hii. Mazoezi yale ya Jumatatu niliyokuwa nayafurahia ndiyo yaliyokuwa yanaichafua injini. Baadaye nikasoma kwamba kiwango cha Marekani cha NFPA 110, kinachohusu majenereta ya dharura kama ya hospitali, kinataka kila mwezi jenereta ya dizeli iendeshwe angalau dakika 30 ikiwa imebeba asilimia 30 au zaidi ya uwezo wake. Nyumba yangu si hospitali, lakini Mama anapumua kwa umeme uleule. Sasa mara moja kwa mwezi tunaihamishia nyumba yote kwa nusu saa, na sanduku la hita linakuja mara moja kwa mwaka.

Mengine aliyafanya haraka: oili na filta yake, filta ya hewa, mkanda wa feni, maji ya rejeta, waya wa ethi, na kiota cha nyigu ndani ya matundu ya hewa. Ila kwenye maungio ya bomba la moshi alisimama. Kulikuwa na alama nyeusi ya masizi, maana yake moshi ulikuwa unavuja pale, na dirisha la Mama haliko mbali. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Alibadilisha gasketi, akageuza mdomo wa bomba utazame upande usio na dirisha lolote, akaniambia kabla sijanunua kitu kingine chochote ninunue kengele ya gesi hiyo. Ipo ukutani chumbani kwa Mama.

Nina malalamiko mawili na nimeshamwambia mwenyewe. Alipofika kuijaribu chenjiova, swichi inayohamisha nyumba kati ya umeme wa kawaida na jenereta, alikata umeme wa nyumba bila kunipa muda wa kumwandaa Mama; siku hizi ananiambia mapema, tunamweka kwanza kwenye mtungi. Pia ripoti yake ni nzuri kwa fundi mwenzake, mimi ilibidi nikae naye mstari kwa mstari. Lakini ina namba zilizopimwa, volti, hezi, joto la injini, na naweza kuzilinganisha na za mwaka uliopita. Vema kwenye viboksi hazilinganishwi na chochote.

Miezi michache baadaye umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Alikuwa ameshanifundisha hesabu: injini nyingi za namna hii zinataka oili mpya kila baada ya saa 100 hadi 250 hivi, kutegemea mtengenezaji, na wiki moja ya kuwaka bila kupumzika ni saa 168. Gari likienda kilomita 60 kwa saa kwa muda huo lingetembea zaidi ya kilomita elfu kumi. Kwa hiyo siku ya pili asubuhi nilimweka Mama kwenye mtungi, nikaondoa mzigo, nikaiacha injini izunguke dakika tano ipoe, nikazima, nikasubiri dakika kumi. Kijiti cha oili kilionyesha imeshuka hadi katikati ya alama mbili. Nikaongeza polepole, nikapima tena, nikawasha.

Mpaka umeme unarudi, mita inayohesabu saa za injini ilikuwa imeongeza saa 71. Nimeziandika kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa jenereta, chini ya mwandiko wa fundi, na anakuja Alhamisi kumwaga oili.