Mashine ya kukaushia chakula ya umeme: uzoefu wangu na aina ya kuepuka

Wadau habari zenu. Kila nikimgawia mtu nyanya zangu zilizokaushwa swali ni lile lile, hiyo mashine ni nzuri kweli au ni hela ya bure, basi ngoja niandike yote sehemu moja. Mi naipenda sana. Ukiacha jiko lenyewe, ningeambiwa nibaki na kifaa kimoja tu cha umeme jikoni ningebaki na hii, ila kuna aina usinunue hata wakikuuzia kwa bei ya kutupa, na usitegemee mashine ifanye kazi ambayo ilitakiwa ianze huko shambani, hilo nitalirudia mbele maana ndo watu wengi wanaishia kuilaumu mashine bure.

Kwa asiyeijua, ndani kuna hita, feni na trei zenye matundu, unapanga vipande, hewa ya moto inapita inabeba maji na kutoka nayo nje. Basi. Bakteria na ukungu vinahitaji maji, ukiyaondoa vinashindwa kuzaliana, lakini sio kwamba vyote vimekufa, na ndo maana chakula kikavu ukishakilowesha kinatakiwa kipikwe au kiingie kwenye frij, usikiache mezani kutwa nzima eti si kilikaushwa.

Kabla ya hii nilikuwa nategemea friza. Friza sina ugomvi nayo, ila inajaa haraka, na umeme ukikatika muda mrefu unabaki unazunguka roho juu. Kuhifadhi kwenye chupa kwa kuchemsha ni kuzuri kwa jamu na vitu vichachu, lakini naomba nisisitize hapa kwa sababu naona watu wanafanya, mboga, maharage na nyama sio vya kuweka kwenye chupa ukachemsha kwenye sufuria la kawaida ukafunga ukaweka kabatini. Bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, anaacha vijimbegu ambavyo maji yanayochemka ya nyuzi 100 hayaviui, panatakiwa mtungi maalum wa presha unaofika kama nyuzi 116, na sumu yake unaweza usiione wala usiinuse. Kwenye kukausha mambo yakienda vibaya mara nyingi unaona mwenyewe, ukungu unajitokeza, unatupa yanaisha.

Sasa feni. Kama utasoma aya moja tu soma hii. Kuna mashine za duara, trei zinapandana moja juu ya nyingine, na feni iko chini kabisa. Halafu kuna za boksi, trei zinaingia kama droo, na feni iko ukuta wa nyuma. Nimetumia zote mbili na wala sio za kulinganisha. Ya feni chini, trei ya kwanza inapigwa na moto wote, kufika trei ya juu hewa imeshapoa na imeshabeba unyevu wa trei zote ilizopitia, kwa hiyo chini vipande vimekauka kau na juu bado vinachuruzika, inabidi uwe unahamisha trei kila baada ya muda, usiku uamke uhamishe tena, na ukichanganya vitu harufu ya kitunguu inaenda kwenye ndizi. Ya feni nyuma, hewa inapita kila trei kivyake, zinakauka karibu sawasawa, mi nazigeuza mara moja katikati nikikumbuka na nisipokumbuka hamna neno. Af unaweza kutoa trei moja moja ukabaki na nafasi kubwa ya kuweka hata bakuli. Zile za duara wanaziuza kwa kuhesabu trei, trei nyingi zinavutia kwenye boksi lakini kila trei unayoongeza inazidi kuichosha ile feni moja ya chini.

Kitu cha pili ni uwezo wa kuchagua joto. Kuna mashine zina kitufe cha kuwasha na kuzima tu, hizo ndo nasema achana nazo. Majani ya viungo yanataka joto dogo, kama nyuzi 35, ukizidisha ile harufu yote inaishia hewani na jikoni kutanukia vizuri kweli lakini chupani hamna kitu. Matunda na mboga nyuzi 57. Na wale wanaopandisha moto ili iishe haraka wanajiharibia, nje ya kipande panakakamaa mapema maji ya ndani yanakosa pa kutokea, ukigusa unasema tayari, wiki mbili baadae ukungu.

Hapa ndo nina malalamiko na mashine yangu. Nikiweka 57, themomita niliyoweka ndani inasoma chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa. Trei zikiwa zimejaa vitu vibichi hiyo naielewa, maji yakiwa yanageuka mvuke yanapoza hewa, lakini hata tupu haifiki. Nikawaandikia watengenezaji wakajibu ni kawaida, jibu ambalo kwa kweli halijaniridhisha, maana namba wameiandika wao. Kwa hiyo naongeza kidogo kwenye kitufe na naamini themomita yangu. Yeyote atakayenunua hata kama ni kampuni gani, nunua na themomita siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye shamba. Mashine inakausha ulichoipa. Ukiipa nyanya zilizokaa dukani siku nyingi zimeshalegea, utapata nyanya kavu zisizo na ladha, haina namna. Mi natafuta mkulima moja kwa moja, namuuliza zimechumwa lini, aina gani, na kama ana zile zilizopinda au ndogo ndogo ambazo wachuuzi hawataki, hizo bei yake nyepesi na ladha ni ile ile, ilimradi isiwe imeoza au ina ukungu, maana kukata upande mbovu ukakausha uliobaki mi sikubali. Namwambia kabisa nataka za kukausha, mkulima anayejua kazi yake atakuelekeza mwenyewe, atakwambia subiri wiki ijayo zikolee, au zile ni za maji chukua hizi. Nyanya za nyama nyingi na mbegu chache ndo zenyewe. Na msimu ukiwa umechanganya, kila mtu anazo, hapo ndo pa kununua kwa wingi, mkulima anapata pa kuzipeleka kabla hazijaozea shambani na wewe unakula nyanya ya jua wakati wengine wanahangaika. Jipange lakini, maana nyanya ni maji kama asilimia 94, kilo 10 zinakupa nusu kilo na ushee tu, usishtuke ukadhani umeibiwa.

Jinsi ninavyofanya: naosha, nafuta, nakata vipande vya unene wa kama milimita 6 vyote sawa, usawa ndo siri, kikiwa kimoja kinene kimoja chembamba utakaa unachambua trei kutwa. Napanga visigusane, naweka chumvi kidogo sana au naacha. Baada ya saa kadhaa kingo zinaanza kujikunja, rangi inakolea mpaka inakaribia ya damu ya mzee, harufu inajaa nyumba nzima. Kupima usipime cha moto, kikiwa cha moto siku zote kitakuwa laini, toa kimoja kiache kipoe halafu kikunje, pale kilipokunjika pasionekane unyevu wowote. Mboga mimi nataka zikatike kabisa, tunda linatakiwa libaki na ulaini kidogo.

Karoti na mboga za majani lazima zipite kwenye maji yanayochemka au mvuke dakika chache halafu maji baridi ndo ziende kwenye trei. Watu wanaruka hii hatua wanaona usumbufu. Vimeng'enya vilivyomo kwenye mboga vinaendelea kufanya kazi hata ikiwa kavu, visipozimwa na moto rangi inafifia na ladha inakuwa ya nyasi. Kitunguu, pilipili na uyoga havihitaji. Ndizi mimi naloweka kwenye maji ya ndimu yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya kawaida, dakika kama 10, haziwi nyeusi.

Nyama nimeiacha mwisho makusudi kwa sababu kijitabu cha mashine yangu kinasema nyama mbichi iwekwe moja kwa moja kwenye trei, na hilo jambo sio la kufuata. Nyama ifikishwe nyuzi 71 ndani kwanza, kuku 74, kwenye oveni au kwa kuichemsha kwenye viungo vyake, ndo iingie kwenye mashine. Ukianza na mbichi, nyama inakauka taratibu kwenye joto dogo na bakteria wanakauka nayo, wakishakauka wanastahimili moto kuliko mwanzo. Na mafuta yatoe yote, mafuta hayakauki, yanachacha. Watengenezaji wanatakiwa waone aibu kuchapisha kitu kama kile, kuna mtu atakifuata neno kwa neno akawalisha watoto.

Ukishatoa kwenye trei kazi haijaisha. Matunda hasa, vipande havilingani, kuna vikavu na vyenye unyevu. Najaza chupa ya kioo theluthi mbili tu, nafunga, kwa wiki nzima natikisa kila siku, vile vyenye unyevu vinagawana na vikavu. Nikiona kioo kina jasho ndani, vyote vinarudi kwenye mashine. Baada ya hapo chupa ijae vizuri, mfuniko ukaze, sehemu yenye giza na ubaridi. Joto la stoo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, tunda linaloweza kukaa mwaka mzima kwenye nyuzi 15, kwenye nyuzi 27 linakaa kama nusu ya huo muda, na mboga zinakaa muda mfupi kuliko matunda. Andika tarehe kwenye chupa. Pia tusidanganyane, vitamini C nyingi inapotea, hii haiji kuchukua nafasi ya kitu kibichi.

Kwenye kupika ndo raha yenyewe. Nyanya kavu naiponda kwenye kinu au mashine ya kusagia, napata unga mwekundu, kijiko kimoja kwenye mchuzi unakolea bila kusubiri maji yakauke. Unga unavuta unyevu unaganda, kwa hiyo nasaga kidogo kidogo ninachotumia. Mboga naloweka kwenye maji ya kutosha tu kuzifunika, maji yale simwagi, ndo yanaingia kwenye sufuria, chumvi naweka baadae maana ikitangulia inachelewesha mboga kunyonya. Supu wala siloweki, natupia humo humo mapema.

Umeme: ya wati 500 ikiwaka mfululizo saa 10 ni yuniti 5, ila hita huwa inajizima na kuwaka, kwa hiyo inakuwa chini ya hapo. Mi nahakikisha siwashi trei ziko nusu, inakula karibu ule ule. Kelele ipo, sio ya kulala nayo chumba kimoja. Kusafisha ni rahisi ukiloweka trei mara tu unapomaliza, sukari ya matunda ikishagandia utasugua mpaka mkono uume.

Nani anunue? Mwenye bustani, au mwenye mkulima anayemfahamu, au familia inayokula mboga nyingi. Kama unanunua nyanya nne nne za kupika leo, hela yako fanyia kingine. Taima inayojizima ni muhimu kuliko kioo cha kuonyesha namba kwa taa za rangi, mlango unaofunga vizuri ni muhimu kuliko vyote hivyo viwili. Na kabla hujalipa muulize muuzaji kama trei za akiba zinapatikana kwa vipande, maana ndo kitu cha kwanza kuvunjika, kuna mashine nzima nzima zimekaa kabatini hazitumiki kisa trei mbili.