OpenWrt kama NAT ya hosteli nzima: uzoefu wangu, Changanyikeni

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa huku ruta imegoma pembeni. Kwa kazi ya NAT, yaani kuwapitisha watu wengi kwenye anwani moja ya IP, OpenWrt, mfumo wa Linux wa kuendeshea ruta, naipa alama za juu. Sababu si kasi, kasi hata ruta za kawaida za dukani zinayo. Sababu ni kwamba ikigoma unaona imegomea wapi. Kwenye kuisasisha napunguza alama, nitafika huko.

Ninahudumia mtandao wa hosteli binafsi ya wanafunzi huku Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Laini ni moja ya faiba. Kila mwanafunzi ana simu na laptopu, na wapo wenye runinga janja juu yake. Ruta iliyokuja na laini (mtoa huduma simtaji) mchana ilikuwa haina shida. Ikifika saa mbili usiku, balaa: WhatsApp inaenda, tovuti ya chuo haifunguki, mwenye kipindi cha Zoom anapiga kelele koridoni. Ukizima na kuwasha inapona, halafu baada ya muda yale yale. Ukipima kasi unaambiwa kila kitu kiko sawa, na ukipiga simu huduma kwa wateja unaambiwa zima, subiri, washa.

Aliyesoma shule ya bweni ataelewa haraka kinachotokea. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua zote zinatoka na anwani hiyo, na karani ana daftari la nani kamwandikia nani, ili jibu likirudi ajue alipeleke bweni gani. NAT ndiyo huyo karani. Kwenye Linux daftari lake linaitwa conntrack, lina idadi maalumu ya mistari, na mistari ikiisha barua mpya haipokelewi hata kama njia ya kwenda posta ni nyeupe. Ndiyo maana waliokwisha kuunganishwa wanaendelea na anayeanza upya anakwama. Ndiyo maana pia kipimo cha kasi hakioni kitu: kikipata mistari yake michache, kinapita.

Ruta ile ya zamani ilikuwa na daftari, lakini halifunguliwi. Hakuna ukurasa wa kuonyesha limejaa kiasi gani wala nani kalijaza. Nikanunua kompyuta ndogo iliyotumika Kariakoo, yenye poti mbili za mtandao na RAM ya GB 4, nikaweka OpenWrt. Mradi huu ulianza mwaka 2004 kwenye ruta za Linksys WRT54G, na mpaka leo ni programu huria, hulipii leseni. Ile ya mtoa huduma ikabaki kupokea faiba tu.

Sasa faida yenyewe. Unaingia kwa SSH (njia ya kuiandikia ruta amri ukiwa mbali), unasoma /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_count, unapata namba ya mistari iliyotumika sasa hivi. Faili la jirani, nf_conntrack_max, linakupa kikomo. Ukitaka kujua nani anatumia nini, unasoma /proc/net/nf_conntrack na kuhesabu mistari kwa kila anwani ya ndani. Daftari likijaa, kerneli inaandika wazi kwenye logi kwamba jedwali limejaa na pakiti inatupwa. Basi, hakuna ramli.

Nilichokiona humo kilinishangaza. Mimi na kila mtu pale tuliamini siku ya dabi ya Simba na Yanga ndiyo inayoua mtandao. Laini inajaa kweli siku hiyo, lakini daftari wala halitikisiki, kwa sababu anayetazama mpira anatumia miunganisho michache minene. Waliokuwa wanalijaza ni vijana wawili watatu wa torenti, ambao laptopu moja inaongea na mamia ya watu duniani kwa wakati mmoja, pamoja na laptopu moja yenye virusi iliyokuwa inabisha hodi kwenye kila anwani iliyoijua. Yule wa virusi hakuwa na habari. Nilipomwonyesha idadi ya mistari yake akasema, "Kaka, mimi hata sijawasha kitu!" Na alikuwa mkweli.

Suala la pili ni muda ambao mstari unakaa kabla ya kufutwa. Linux ya kawaida inautunza muunganisho wa TCP (ule unaoanza kwa salamu na kuisha kwa kuagana) uliokwisha kufunguka kwa sekunde 432,000 hata ukiwa kimya. Hizo ni siku tano! Simu ya mwanafunzi aliyekwenda kwao Moshi Ijumaa bado ina mistari kwenye daftari Jumatatu. OpenWrt inakuja ikiwa imeshusha hadi sekunde 7,440, saa mbili na dakika nne. Namba hiyo haikuokotwa barabarani. Ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na RFC 5382, mojawapo ya hati za kanuni za intaneti, ya mwaka 2008. Napenda programu ambayo mtu aliyeiandika alisoma kanuni kabla ya kuchagua namba.

Kuongeza kikomo cha daftari si kazi, ni mstari mmoja kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli), na kila rekodi inakula baiti mia tatu na kitu za RAM. Kwenye kompyuta ya GB 4 hiyo ni pesa ya pipi. Kwenye ruta ndogo pima kwanza. Ila kuongeza peke yake ni kumpa mwenye torenti uwanja mpana zaidi, kwa hiyo nimeweka pia kikomo cha miunganisho kwa kila anwani ya ndani kwa sharti la ct count la nftables, sehemu ya Linux inayoendesha fayawoli. Tangu hapo kelele za saa mbili usiku zimekwisha. Zilizobaki ni za kawaida, za laini kuelemewa, na hizo dawa yake ni kulipia kifurushi kikubwa.

Kuna kisa cha simu kinachofaa kusimuliwa. Mpangaji mmoja anafanya kazi usiku ya kuhudumia wateja wa kampuni ya nje, kwa simu ya mezani ya SIP, yaani inayopiga kupitia intaneti. Akipiga, inatoka vizuri. Akipigiwa, haiiti. Anayejua NAT anaanza kwa kutazama muda ambao mstari wa UDP, njia nyingine ya kutuma data, unakaa kwenye daftari. UDP haina salamu wala kuagana, hivyo ruta inakisia tu mazungumzo yamekwisha lini. RFC 4787 ya mwaka 2007 inataka angalau dakika mbili, na OpenWrt inatoa sekunde 180 kwa mazungumzo yaliyojibiwa pande zote mbili. Simu yake ilikuwa inajitambulisha kwa seva mara moja kwa saa. Dakika tatu zikipita mstari unafutwa, na anayempigia anagonga mlango uliofungwa. Wengi wangeongeza muda wa UDP wa hosteli nzima ili mtu mmoja aitwe. Tuliingia kwenye mipangilio ya simu yake, tukaiambia itume pakiti ndogo ya kujikumbusha kila sekunde 30. Kwisha.

Kwenye ruta ya zamani tatizo lake lilikuwa baya zaidi, maana ilikuwa na msaidizi wa SIP anayeingia ndani ya ujumbe na kubadilisha anwani, mara nyingi kwa kuharibu. OpenWrt haiwashi msaidizi huyo mpaka umsakinishe mwenyewe kama kifurushi cha ziada. Hilo ni jambo jema hata kwa usalama: Oktoba 2020 Samy Kamkar alionyesha jinsi ukurasa wa tovuti unavyoweza kumdanganya msaidizi wa aina hii ili afungue poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kuelekea ndani. UPnP nayo, inayoruhusu programu kujifungulia poti zenyewe, haiji ikiwa imesakinishwa. Watoto wa magemu wananung'unika, na waendelee.

Kusasisha sasa. Toleo la 22.03, lililotoka Septemba 2022, lilihamisha fayawoli yote kutoka iptables, mfumo wa zamani, kwenda nftables. Mipangilio ya kawaida iliyo kwenye /etc/config/firewall inahamia salama. Lakini kama fundi aliyekutangulia aliandika sheria za mkono kwa lugha ya iptables kwenye firewall.user, toleo jipya haliziendeshi, na zile za nftables zinataka kukaa kwenye faili za /etc/nftables.d. Wamiliki wa hosteli jirani waliniita kwa hilo hilo: fayawoli imewaka, taa zote za kijani, sheria ya mkono haipo. Kabla ya kusasisha, soma faili hilo, andika upya kilichomo, kisha endelea.

Na vifurushi ulivyoongeza havibaki. Amri ya sysupgrade inatunza mipangilio lakini programu za ziada inazisahau, inabidi uzisakinishe tena au utengenezewe picha yenye vifurushi vyako ndani. Kwa mtu ambaye intaneti anayohitaji kupakulia vifurushi inapita kwenye ruta hiyo hiyo, huu ni usumbufu wa kweli, na ndipo ninapokata alama. Mimi hupakua kila kitu kwanza na kusasisha alfajiri, wanafunzi wamelala. Wenye ruta za zamani zenye hifadhi ya ndani ya MB 4 na RAM MB 32 msijisumbue, matoleo mapya hayawatoshi.

Kilichobaki ni kamera. Mama mwenye nyumba anaishi Tabata na anataka kuona geti lake kwenye simu. "Mwanangu, nilipie kingine tena?" aliniuliza nilipomwambia poti haiwezi kufunguka, nami nikamwambia hapana mama, tutazunguka. Sababu haikuwa OpenWrt. Tazama anwani ya upande wa nje ya ruta yako: ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT nyingine ya mtoa huduma, na hilo ndilo eneo lililotengwa kwa kazi hiyo kwa RFC 6598, Aprili 2012. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011, kwa hiyo mtoa huduma naye ana karani wake na daftari lake. Ufungue poti kwako mpaka uchoke, yeye hajafungua. Cha kuchekesha, RFC 1631 ya mwaka 1994 iliyoieleza NAT ilisema ni suluhisho la muda mfupi.

Ukiomba anwani ya umma, unailipia kila mwezi. Tulichofanya ni kuweka WireGuard (njia ya siri ya VPN) kutoka kwenye OpenWrt kwenda seva ndogo ya kukodi, ikituma pakiti ya kujikumbusha kila sekunde 25 ili daftari la mtoa huduma lisifute mstari wetu. Simu ya mama inaingia kwa seva hiyo. Picha inachelewa kidogo lakini geti linaonekana, na kamera hazijaachwa wazi kwa dunia nzima.

Mafundi wengi wa waifai za vocha hapa mjini watakuambia chukua ruta ya MikroTik, na sibishani nao. RouterOS, programu yake, nayo inaonyesha daftari, tena kwa Winbox, dirisha la kubofya, bila kuandika amri. Kama hosteli yako haina mtu wa kugusa SSH, chukua hiyo. Mimi nilitaka kitu ambacho naweza kufungua nikaona kila faili, na ambacho maunzi yake yakiungua na umeme naenda Kariakoo kununua kompyuta nyingine yoyote na kurudisha mipangilio yangu kutoka kwenye flashi. Flashi hiyo ninayo kwenye droo ya ofisi ya mlezi wa hosteli, pamoja na karatasi yenye nenosiri. Wekeni UPS ndogo chini ya kila kitu, ruta na kisanduku cha faiba pamoja, maana ukiwasha kimoja bila kingine hujafanya kitu.